Mtutu wenye kromu usafishwe na dawa gani?

SWALI: Fundi, bunduki yangu ya kuwindia ninayoimiliki kwa leseni ina mtutu uliopakwa kromu ndani. Mwenzangu mmoja ananikataza dawa yenye amonia, ati itabandua kromu yote. Mwingine anasema petroli inatosha, maana kromu haishiki kutu. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu yangu, hapo hakuna wa kumsikiliza. Wa petroli ndiye anayenitia hofu zaidi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hadi ukutane na jiko au cheche ya swichi, nawe umeinama juu ya meza na kitambaa kilicholowa mkononi. Tena ina benzini, ambayo husababisha saratani. Usiitumie kabisa.

Huyo wa amonia nadhani amechanganya kromu na nikeli. Silaha nyingi zilizopakwa nikeli zina tabaka jembamba la shaba chini yake. Amonia huila shaba hiyo, na nikeli iliyo juu ikabanduka. Kromu ya ndani ya mtutu hupakwa moja kwa moja juu ya chuma cha mtutu wenyewe, na amonia haiiwezi. Ila kromu ngumu ina nyufa ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na dawa ikiachwa humo muda mrefu huweza kupenya hadi kwenye chuma. Kwa hiyo fuata dakika zilizoandikwa kwenye chupa, kisha futa yote. Usiilaze humo usiku kucha.

Adui halisi wa kromu ni tindikali ya hidrokloriki. Inayeyusha kromu, na imo katika baadhi ya dawa za kuondoa kutu na za kusafishia choo, basi soma kibandiko kabla ya kumimina chochote. Dawa za klorini za kufulia nazo hula chuma, na zikikutana na amonia hutoa gesi yenye sumu. Dawa za kusafishia breki zenye viyeyushi vya klorini nazo ziache: mvuke wake ni mbaya kwa afya, na ukikutana na moto huweza kutoa fosjini, gesi yenye sumu kali.

Sasa, chagua dawa kwa kuangalia uchafu ulionao. Masizi ya baruti hutoka kwa kiyeyushi chepesi cha kawaida cha silaha kisicho na amonia, na kwa mitutu mingi ya kromu hicho kinatosha. Kromu ni ngumu na uso wake ni mtelezi, haishiki sana shaba inayofunika kichwa cha risasi. Ukiona michirizi ya rangi ya shaba mdomoni mwa mtutu, hapo ndipo dawa ya kuondoa shaba, kama ile yenye amonia, inahitajika. Itumie kwa brashi ya nailoni. Ukitumia ya shaba nyeusi, dawa itaila brashi yenyewe, kila kitambaa kitatoka na rangi ya buluu, nawe utaendelea kusugua mtutu uliokwisha takata.

Lipo jambo ambalo wengi hulikosea. Risasi za zamani zenye fataki (kiwashio cha baruti kilicho kitakoni mwa risasi) ya klorati huacha chumvi, kloridi ya potasiamu, na viyeyushi vya mafuta haviiyeyushi hata kidogo. Kinachoiyeyusha ni maji. Pitisha maji ya moto mtutuni, kausha hadi kitambaa kitoke kikavu, halafu paka mafuta mara moja. Kromu itavumilia chumvi hiyo, lakini bomba la gesi, pistoni, uso wa boliti (kifungio cha nyuma ya mtutu) na ukingo wa mdomo wa mtutu mara nyingi havina kromu, na huko ndiko kutu huanzia. Mwenye mtutu wa kromu hujisahau hapo, kwa sababu akichungulia ndani anaona kunang'aa.

Kabla ya yote, toa magazini, fungua boliti, na uhakikishe kwa macho na kwa kidole kwamba chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu. Risasi zenyewe ziweke chumba kingine. Fanyia kazi mahali penye hewa, vaa glavu za nitraili, na nawa mikono kabla ya kula, kwani masizi hayo yana madini ya risasi. Fimbo iingie kutokea upande wa chemba kama bunduki inaruhusu, isikwaruze ukingo wa mdomo. Ukimaliza, acha utando mwembamba tu wa mafuta, na siku ya kwenda kulenga upitishe kitambaa kikavu kuuondoa.