Pima Kabla Hujafungua: Ushauri kwa Mafundi wa Vyombo vya Majini Mtwara na Lindi

Sisi tunaotunza mitambo ya vyombo vya majini huku kusini tuna shida moja ambayo wenzetu wa Dar es Salaam hawaijui sawasawa: spea iko mbali. Kutoka Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550 kwa barabara, na barabara yenyewe ni hiyo moja. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mvua, ilikatika maeneo ya Somanga, magari yakalala njiani. Beringi ikikufia siku kama hiyo, chombo kimekaa.

Ndiyo maana nawahimiza vijana wa chumba cha injini, wawe kwenye tagi za bandarini (boti za kuvuta meli), vivuko vya Msangamkuu na Kitunda au boti za uvuvi za Kilwa, wajifunze kutumia vifaa vya kupima hali ya mashine. Wengi hudhani vifaa hivi ni vya meli kubwa za nje. Mimi naona sisi ndio tunaovihitaji zaidi, kwa sababu vinatupa muda: kujua mapema kwamba kitu kimeanza kuchoka, ili spea ipakiwe kwenye basi wakati chombo bado kinafanya kazi.

Anza na kipima mtetemo cha mkononi. Kinasoma kwa milimita kwa sekunde. Kwa pampu na mota za kati, za kilowati 15 hadi 75, kiwango cha kimataifa cha ISO 10816 (ambacho sasa kinarithiwa na ISO 20816) kinasema chini ya 1.12 ni hali nzuri sana, hadi 2.8 endelea na kazi, kutoka hapo hadi 7.1 panga matengenezo, na ukivuka 7.1 unahatarisha mashine. Namba hizo usizipeleke kwenye injini ya dizeli. Injini ya pistoni hutetemeka kwa asili yake na ina vipimo vyake. Nimeona mtu akitaka kusimamisha injini isiyo na kasoro kwa sababu tu ameipima kwa jedwali la pampu.

Hata hivyo, jedwali ni mwanzo tu. Kinachosema kweli ni historia ya mashine yako. Pampu iliyokaa kwenye 1.2 mwaka mzima halafu ikafika 2.4 inanishughulisha kuliko ile iliyozaliwa na 2.6 na haijabadilika. Kwa hiyo weka alama ya rangi kwenye nyumba ya beringi, si kwenye kifuniko cha feni, na upime hapo hapo kila mara: kwa ulalo, kwa wima, na kwa kufuata urefu wa shafti. Huo wa tatu mafundi wengi huuruka, na ndio unaofichua kaplingi (kiungo cha shafti mbili) iliyopinda.

Pampu ya maji ya chumvi kwenye chombo kimoja ilinifundishia vijana somo hilo vizuri. Usomaji ulikuwa umetulia chini ya 2, ukaanza kupanda, ukapita 3.8. Mwenye chombo alitaka pampu ifunguliwe yote.

"Mzee, hii si beringi?" kijana mmoja aliniuliza.

"Subiri mwanangu, tuangalie grafu kwanza."

Grafu hiyo huonyesha nguvu ya mtetemo kwenye kila masafa. Mota ilizunguka karibu mara 1,480 kwa dakika, yaani kama hezi 25 (mara 25 kwa sekunde). Mlima mkubwa kwenye grafu ulikuwa karibu na hezi 50, mara mbili ya mzunguko, na ulikuwa mkali zaidi kwa kufuata urefu wa shafti. Kasoro ya mpangilio wa shafti hupenda kujionyesha hivyo, ilhali beringi iliyoanza kulika huonekana kwanza huko juu, kwenye masafa makubwa. Tukakagua msingi, boliti moja ya mguu wa mota imelegea. Tukaikaza, tukapanga shafti upya kwa saa ya kupimia (dial gauge), usomaji ukarudi chini ya 2. Beringi hazikuguswa.

Sasa oili, inayopimwa maabara kuona chembe za metali na uchafu ndani yake. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye faida kubwa kwa gharama ndogo. Chukua sampuli injini ikiwa ya moto na inazunguka, kwenye bomba lile lile, kabla ya chujio. Ukichota chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) baada ya chombo kulala usiku kucha, umechota tope. Andika saa za injini, saa za oili tangu ibadilishwe, na kiasi ulichoongeza; oili mpya iliyoongezwa huficha ugonjwa. Na unapotuma mara ya kwanza, tuma pia chupa ya oili mpya kutoka pipa lile lile, maabara ipate pa kulinganisha.

Majibu yakija, soma vitu pamoja. Chuma kikipanda peke yake, fikiria silinda na ringi. Risasi, bati na shaba vikipanda, wasiwasi uko kwenye beringi za shafti. Silikoni na alumini zikifuatana ni vumbi, na tangu makaa ya mawe ya Ruvuma yaanze kupakiwa Mtwara, chujio la hewa la chombo kinachofanya kazi jirani na gati linahitaji jicho la karibu. Sodiamu ikipanda pamoja na maji, shuku maji ya chumvi kupitia kipoza oili. Injini ikizunguka, presha ya oili mara nyingi huyazidi maji, oili ndiyo inayotoka. Injini ikizimwa, maji huingia. Sodiamu huanza kuonekana kabla oili haijageuka rangi ya maziwa.

Kama maabara iko mbali, dondosha tone la oili kwenye bamba la chuma lenye joto la kama nyuzi 160. Likitatarika, lina maji. Vaa miwani, na usifanye hivyo ndani ya chumba cha injini.

Kipimajoto cha infraredi ni rahisi kutumia na rahisi kudanganya. Chuma kinachong'aa husomeka baridi kuliko kilivyo. Bandika utepe mweusi unaostahimili joto au paka rangi nyeusi isiyong'aa pale unapopima.

Kuna anayeniambia, "Lakini kitabu cha mashine kinasema tufungue kila saa kadhaa." Heshimu kitabu, hasa kwa vitu ambavyo mkaguzi anavidai. Ila jua hili: wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanasayansi C. H. Waddington alichunguza ndege za doria za Uingereza akakuta hitilafu ziliongezeka mara tu baada ya ukaguzi wa ratiba, kisha zikapungua. Mashine isiyo na kasoro ikifunguliwa bila sababu, gasketi huwekwa vibaya, uchafu huingia, boliti hukazwa kupita kiasi.

Vipimo vya msingi, vile vya kulinganishia baadaye, vichukueni wakati wa maleleji, bahari ikiwa tulivu, kusi imekwisha na kaskazi haijashika. Mashine kuu ipimeni kwa mzunguko ule ule wa injini, nje kwenye kina, maana maji mafupi huongeza mzigo wa rafadha na mtetemo. Pale Kitunda maji ya bamvua yakitoka na kina kupungua, namba zitakudanganya. Tena ni wakati mwafaka: minada ya korosho huanza Oktoba, na meli zikishaanza kufuatana Mtwara hakuna atakayekupa nafasi ya kusimamisha tagi.

Na mkishika daftari la vipimo, ukurasa wa kila mashine uanze na namba za beringi zake, zilizosomwa kwenye beringi yenyewe au kibati cha mota. Ukiandika namba kama 6309 C3 mapema, siku mtetemo ukipanda unapiga simu Dar mara moja, na mota inafunguliwa siku mzigo unapofika.