"Alley" ni kichochoro tu?

SWALI: Mhariri, kamusi yangu inasema "alley" ni kichochoro. Binti yangu wa sekondari amelikuta kwenye tenisi, halafu tena kama jina la gololi. Ni neno moja kweli? Msomaji, Busia.

JIBU: Ni mawili yaliyogongana kwa tahajia. La gololi hudhaniwa kuwa kifupisho cha "alabaster", lile jiwe laini jeupe. Hilo tuliweke kando.

La kichochoro lilitoka Kifaransa cha kale, "alee", yaani mwendo au mahali pa kupitia, kutokana na kitenzi "aler", kwenda. Waingereza wanalo tangu karne ya 14. Wafaransa wa leo wakisema "allée" aghalabu wanakusudia njia yenye miti iliyopangwa pande zote mbili, si vile vichochoro vya mtaa wa Kisenyi, Kampala, ambavyo watu hupishana kwa kugeuza mabega. Kwenye tenisi ni ukanda wa pembeni wenye upana wa mita 1.37, unaohesabiwa tu wanapocheza wawili kwa wawili. Wamarekani ndio husema hivyo. Waingereza huuita "tramlines".

Mfasiri asikimbilie "kichochoro" kila mara. Chicago, "alley" ni njia ya nyuma ya nyumba, pana kiasi cha gari la taka kupita. Manhattan karibu hazipo, kwani ramani ya mitaa ya mwaka 1811 haikuziweka; ndiyo maana kwa miaka mingi mifuko ya taka ilirundikwa mbele ya majengo, wapitapo watu. Melini, "alleyway" ni ujia wa kati ya vyumba.

Kisa kitamu zaidi ni cha jirani yake, "aisle", ile njia ya katikati ya viti kanisani au rafu za supamaketi. Asili yake ni Kilatini "ala", bawa: lilikuwa ubavu wa kanisa. Herufi s iliingia kwa kuchanganywa na "isle", kisiwa, na haitamkwi mpaka leo. Maana ya njia nayo iliingia kwa kuchanganywa na "alley". Makosa mawili, neno moja, na hakuna anayelalamika.

Binti aangalie wingi: ni "alleys", kwa kuwa y imetanguliwa na irabu. Akiandika "allies" ameandika washirika, wingi wa "ally", lenye mzizi wa Kilatini "alligare", kufunga pamoja. Kwa matamshi, "alley" hukaribia jina Ali; "ally" huishia na "lai".