Aliyepigwa na radi kapigwa na nini hasa?

Swali: Mwalimu, niliandika sentensi hii: "Mti mkubwa ulipasuliwa na radi." Rafiki yangu akaikata kwa wino mwekundu. Anadai radi ni sauti, ni ile ile ngurumo, na sauti haipasui mti. Eti niandike "ulipasuliwa na umeme". Je, yuko sahihi? Na je, "radi haipigi mahali pamoja mara mbili" ni methali yetu?

Jibu: Sentensi yako iache kama ilivyo. Rafiki yako ana hoja ya sayansi na hata ya historia ya neno, ila hazimfikishi anakotaka kwenda.

Nianze na ile inayompa nguvu. Radi tumeipata kwa Waarabu, na kwao ra'd ni mlio wa mawinguni. Mwanga wake una jina jingine, barq. Hiyo ra'd ndiyo jina la sura ya 13 ya Kurani. Kwa asili, basi, neno lilikuwa la masikio. Lakini neno likishahama halilazimiki kubaki na maana ya kwao. Kiswahili kina neno lake la mlio huo, ngurumo, lenye kitenzi nguruma ambacho hata simba anakitumia. Radi ikapata kazi nyingine hapa kwetu: pigo lenyewe, mwanga na mshindo vikifika pamoja na kuacha kitu kimeungua au kimepasuka.

Hapo ndipo lugha na fizikia zinapokutana kwa namna inayonifurahisha. Mkondo wa umeme ukipita angani, hewa iliyo njiani hupata joto la nyuzi 30,000 hivi za Selsiasi, karibu mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa hiyo hutanuka kwa ghafla mno, ikasukuma wimbi la mshindo pande zote. Mlio wote tunaousikia chanzo chake ni hicho. Ila mwanga husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, na sauti mita 340 tu. Aliye mita 50 kutoka kwenye pigo hana muda wa kutenganisha chochote: anaona na kusikia kwa mkupuo mmoja, na anachosikia ni mlio mkavu wa kupasuka. Aliye kilomita 6 anauona mwanga, kisha anangoja sekunde kama 18 ndipo sauti imfikie. (Hesabu sekunde, gawa kwa tatu, utapata kilomita.) Tena haimfikii ikiwa kavu. Njia ya umeme ina urefu wa kilomita kadhaa na imejaa mapindo, kwa hiyo sauti ya kila kipande huwasili kwa wakati wake, nyingine ikiwa imekwisha kugonga vilima na kurudi. Mshindo mmoja unakuwa kama pipa linalobiringishwa darini.

Wa kwanza atasema radi, wa pili atasema ngurumo. Tukio ni moja. Kinachogawa maneno ni umbali wa msikilizaji. Ndiyo maana "alipigwa na ngurumo" inachekesha, na ndiyo maana "ngurumo za radi" ni Kiswahili kizuri, jambo ambalo lisingewezekana kama maneno hayo mawili yangekuwa kitu kimoja.

Umeme nao ni wa macho. Umeme humweka, humulika, na unaweza kufanya hivyo kimya kabisa, kwa sababu sauti mara nyingi haivuki kilomita 20 hivi. Huo usiuite radi. Biblia ya Kiswahili inaigawa vizuri kazi hii: Yakobo na Yohana wanapewa jina la wana wa ngurumo, na Shetani anaanguka kama umeme.

Je, "ulipasuliwa na umeme" ni kosa? Si kosa. Kisayansi ndiyo kauli iliyonyooka zaidi: mkondo wa ampea 30,000 hivi hupita kwenye unyevu wa shina, maji yakageuka mvuke papo hapo, na mvuke ukapasua mti kutoka ndani. Shida ni kwamba neno umeme sasa limebeba na nyaya. Sikatai, ni asili ile ile, na mwaka 1752 huko Marly-la-Ville, Ufaransa, watu walivuta cheche kutoka kwenye fimbo ndefu ya chuma wakati wa dhoruba, wakifuata pendekezo la Benjamin Franklin, wakalithibitisha hilo. Lakini msomaji wa "mtu apigwa na umeme" atazame juu mawinguni au ukutani kwenye soketi? Kwa umeme wa nyaya tunasema kunaswa na umeme, au kupigwa shoti. Wa mawinguni uachie radi. Kwa mwandishi wa habari hili si suala la madoido.

Upatanisho wa kisarufi hauna tabu: radi ilipiga, radi zilipiga, umeme ulimweka. Wingi wa umeme usiulazimishe, sema miale ya umeme.

Ule msemo wa mahali pamoja si methali yetu. Ni tafsiri ya msemo wa kigeni, na licha ya kuwa wa kuazima, ni uongo. Radi hupenda kilicho kirefu na kilichochomoza, na haina kumbukumbu ya ilikopita jana. Jengo la Empire State, New York, hupigwa mara 20 na zaidi kwa mwaka. Roy Sullivan, askari wa hifadhi ya Shenandoah huko Marekani, alipigwa mara 7 kati ya 1942 na 1977, na zote akapona.