Kilomita 5 za kwanza: kosa ni mwendo, si pumzi

Anayeanza kukimbia hutoka kwa kasi ya mtu anayeachwa na basi. Dakika mbili hazijaisha ameshika kiuno, anahema, na keshajihukumu kwamba hana pumzi. Pumzi anayo. Kilichomwangusha ni mwendo, na kosa hilohilo litamsubiri siku ya mashindano, kwa hiyo afadhali alimalize mazoezini.

Kupima mwendo hakuhitaji saa. Ukiwa unakimbia, sema kwa sauti sentensi nzima yenye maneno kumi na kitu. Ukiifikisha mwisho bila kukatiza uvute hewa, mwendo ni huo. Ukitoa maneno mawili matatu ndipo uhemee, umezidisha. Mwanzoni utajikuta unakwenda polepole hadi uone haya, na huenda hata mtu anayetembea kwa haraka akakupita. Mwache apite.

Kimbia siku tatu kwa wiki, zisifuatane. Tembea dakika 5 kupasha mwili moto, kisha kimbia dakika 1 na kutembea 2, mara 8. Wiki inayofuata kimbia 2, tembea 2, mara 6. Baadaye ni 3 kwa 2, halafu 5 kwa 2 mara nne, 8 kwa 2 mara tatu, hadi dakika 30 mfululizo. Wengi huhitaji wiki tisa hadi kumi na mbili. Wiki ikikushinda, irudie kama ilivyo. Na ule muda wa kutembea usiuruke kwa sababu tu unajisikia vizuri. Umewekwa kwa ajili ya miguu zaidi kuliko mapafu.

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Moyo na mapafu huzoea ndani ya wiki chache, lakini kano na mifupa huhitaji miezi. Mfupa ukipata mzigo mpya, mwili hubomoa kwanza sehemu iliyochoka ndipo ujenge mpya, hivyo kuna kipindi ambapo mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza. Kipindi hicho mara nyingi huja mwezi wa kwanza au wa pili, wakati pumzi imefunguka na unatamani kuongeza kila kitu. Ongeza muda au kasi, kimoja kwa wakati, na kasi ikae mwisho kabisa.

Muundi ukianza kuuma, kaa chini, kunja goti, upitishe kidole gumba kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, kutoka juu kidogo ya kifundo kupanda kuelekea goti. Maumivu yaliyosambaa urefu wa kiganja kwa kawaida ni mkazo wa mzigo uliozidi: punguza mbio kwa nusu kwa wiki moja au mbili, kimbia kwenye udongo au nyasi kama vipo, na urudi taratibu. Maumivu ya mahali pamoja padogo, panapofunikwa na ncha ya kidole, yanayokuja hata usiku au ukiruka kwa mguu huo mmoja, ni jambo jingine. Huenda ni ufa mwembamba kwenye mfupa. Acha kukimbia, mwone daktari, na usimeze dawa ya maumivu ili uendelee. Maumivu ya kifua, au kuzimia ukiwa unakimbia, nayo hayasubiri wiki iishe.

Kosa jingine ni hatua ndefu. Kisigino kikitua mbali mbele ya goti kinafanya kazi ya breki, na mshtuko unapanda gotini. Hesabu mara ambazo mguu wa kulia unagusa chini kwa sekunde 30, uzidishe kwa 4. Hizo ndizo hatua zako kwa dakika. Ukipata 37, yaani hatua 148, jaribu kufikisha 39 bila kuongeza kasi. Hatua zitafupika zenyewe. Usilazimishe kutua kwa vidole. Misuli ya nyuma ya mguu italipa.

Viatu vizungumziwe kwa ufupi, maana vimezungumzwa kupita kiasi. Vijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi utakazokimbilia. Ukisimama, pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Kisigino kikichezacheza, pitisha kamba kwenye lile tundu la mwisho ambalo kila mtu hulisahau. Povu lililo ndani ya soli huchoka baada ya takribani kilomita 500 hadi 800, hata kama nje kiatu bado kinang'aa. Soksi za pamba tupu hushika jasho na kuleta malengelenge.

Ukiweza kukimbia dakika 25 hadi 30 bila kusimama, jiandikishe kwenye mbio za kilomita 5. Kabla ya kulipa, soma mambo matatu: muda wa mwisho wa kumaliza, siku ya kuchukua namba, na kama njia ina vilima. Wiki ya mashindano punguza mazoezi hadi karibu nusu, na usijaribu kitu kipya, iwe kiatu, bukta au kinywaji. Kucha za miguu zikate siku mbili tatu kabla.

Namba ibandike usiku, kwa pini nne, ukiwa umevaa fulana yenyewe. Ukiibandika fulana ikiwa mezani, kifua kikijaa itavuta. Kama chipu ya kupimia muda imegundishwa nyuma ya karatasi, usiikunje. Paka mafuta ya mgando makwapani na mapajani. Kula kidogo, chakula unachokijua, muda wa saa mbili hadi tatu kabla ya mbio kuanza. Maji kunywa kwa kiu. Kujijaza maji kwa woga hupunguza chumvi kwenye damu, na kukizidi ni hatari. Fika mapema, kwa sababu foleni ya choo ni ndefu kuliko unavyotarajia.

Simama nyuma. Muda wa chipu huanza unapovuka mstari wewe, si bunduki inapolia, kwa hiyo hupotezi kitu. Tuseme unalenga dakika 35, yaani dakika 7 kwa kilomita. Kilomita ya kwanza ikimbie kwa 7:15. Umati, muziki na damu iliyochemka vitafanya 6:15 ionekane rahisi, na hesabu yake utaletewa kwenye kilomita ya nne. Ya pili hadi ya nne shika 7 kamili, kisha mwisho toa kilichobaki. Kichomi cha ubavuni kikikushika, punguza mwendo na utoe hewa yote kwa nguvu mara kadhaa. Kula au kunywa vitu vitamu karibu na mbio huweza kukileta. Ukitaka maji kituoni, chukua kikombe meza za mwisho, sogea pembeni, ndipo unywe. Usisimame ghafla mbele ya watu.

Ukivuka mstari wa kumalizia usikae. Tembea dakika 10, la sivyo damu hubaki miguuni na kichwa kikazunguka. Misuli huuma zaidi siku ya pili kuliko ya kwanza, kwa hiyo usishtuke. Rudi kukimbia baada ya siku mbili au tatu, dakika 20, kwa ule mwendo wa kuongea. Mbio za kilomita 10 ziache hadi jumla ya wiki yako ifike kama kilomita 20 bila maumivu ya muundi.