Finland zaidi ya Nokia: jibu refu la fundi seva

Mkuu umeuliza kanchi ka watu kama milioni 5 na nusu, baridi muda wote, kametoa nini duniani zaidi ya simu za Nokia za tochi. Naomba nijibu kama mtu anayekula kwa kazi ya seva (kompyuta zinazobeba tovuti za watu) hapa Dar, maana mimi nikitoa vitu vya Wafini kwenye kazi yangu nabaki na feni na kiti.

Linus Torvalds mnamjua wengi ngoja nimpitie haraka. 1991 alikuwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Helsinki, miaka 21, akatangaza mtandaoni kwamba anaandika mfumo wa kompyuta kama hobi tu, hautakuwa mkubwa. Mfumo huo ndo Linux, na leo keneli yake, yaani kiini kinachoendesha mashine, iko ndani ya kila simu ya Android, na kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zote zinatumia Linux tangu 2017. Halafu 2005 waliokuwa wanampa bure programu ya kutunza kazi ya keneli wakaondoa ule ubure, jamaa akakaa siku chache akaandika ya kwake, Git, sasa hivi madeveloper dunia nzima wanaitumia, hadi kijana anayejifunza kukodi geto Sinza.

Ila kwa mimi Mfini namba moja ni Tatu Ylönen, na nina uhakika humu wengi ndo mnalisoma jina lake leo. Zamani ukitaka kuingia kwenye seva iliyo mbali ulitumia telnet, sasa telnet inapeleka paswedi yako waziwazi, yeyote aliyekaa katikati ya netiweki anaisoma. Mwaka 1995 ndo kilichotokea chuoni kwao kule Finland, mtu akapandikiza kiprogramu cha kunasa paswedi kwenye netiweki akazoa za watu maelfu. Tatu badala ya kulalamika akaandika SSH, ambayo inafunga mawasiliano yote kwa siri, akaiachia bure Julai mwaka huohuo. Na kwa kuwa ilikuja kuchukua nafasi ya telnet na FTP (ile ya kuhamisha mafaili), akaandika kuomba poti 22, yaani namba ya mlango ambao huduma inapitia kwenye kompyuta, maana FTP iko 21 na telnet 23, ile ya katikati ilikuwa wazi, akapewa kirahisi tu, hakuna kikao wala semina elekezi!

Mimi seva za wateja ziko Ujerumani na nyingine Johannesburg, sijawahi kuzigusa kwa mkono. Kuna siku niko safarini, basi limesimama Gairo, netiweki ya kuungaunga, mteja anapiga simu tovuti imelala, nikaingia kwa SSH kupitia simu nikawasha huduma iliyokufa kabla dereva hajapiga honi. SSH haihitaji intaneti ya kutisha, ni maandishi tu yanaenda na kurudi, ndo maana sisi wa bando la kuungaunga inatufaa sana. Kuwa mkweli lakini, baadaye leseni ya SSH ilibanwa, ndo watu wa OpenBSD, mfumo mwingine huru wa kompyuta, wakachukua toleo la zamani lililokuwa huru wakatengeneza OpenSSH mwaka 1999, na hiyo ndo nayoitumia mpaka leo.

Kwenye databesi kuna Michael Widenius, wenyewe wanamwita Monty. Alianzisha MySQL, programu ya kutunza data za tovuti, na Waswidi wawili, jina akaipa la binti yake anayeitwa My. Kampuni ikauzwa dola bilioni 1 mwaka 2008, na kampuni ya Oracle walipoelekea kuimeza jamaa akachukua msimbo uleule akaanzisha MariaDB, jina la binti yake mdogo. Mimi wateja wote niliwahamishia huko na hakuna aliyegundua.

Sasa tutoke kwenye kompyuta. Martti Ahtisaari, Nobel ya Amani 2008, rais wa Finland 1994 mpaka 2000, huyu alikuwa balozi wao hapa hapa Dar kuanzia 1973, enzi vyama vya ukombozi vya kusini vimejaa mjini, SWAPO ya Namibia wakiwemo. Baada ya hapo UN wakampa suala la Namibia, akalisotea zaidi ya miaka kumi hadi uhuru Machi 1990. Aceh nako, jimbo la Indonesia, serikali na waasi waliacha vita kwa mkataba aliousimamia yeye, ukasainiwa Helsinki 2005. Na Wafini na Namibia wametoka mbali, wamisionari wao walifika Ovamboland, kaskazini mwa Namibia, 1870, ndo maana mpigania uhuru Andimba Toivo ya Toivo alikuwa na jina la Kifini kabisa.

Madereva wa rali siwagusi, nitajaza ukurasa. Wadau wa Safari Rally endeleeni hapo chini, mnaweza kuanza na Juha Kankkunen aliyekuja Kenya 1985 mara ya kwanza na kuondoka na ushindi, mpaka dogo Kalle Rovanperä wa 2022 na 2024.