Kichwa cha treni kimegoma? Usikimbilie kununua dikoda

Msomaji ana kichwa cha treni ndogo ya mfano ya HO (kipimo cha 1:87), cha plagi ya pini 8 inayopokea dikoda, yaani kisahani cha elektroniki kinachopokea amri na kuendesha mota na taa. Taa zinatii rimoti, mota haisogei. Anauliza anunue dikoda gani. Asinunue! Taa zikitii, umeme unafika na dikoda inapokea amri, ingawa sehemu yake ya mota bado inaweza kuwa imeungua. Aangalie CV19 (CV ni namba za mipangilio ndani ya dikoda): ikiwa na namba yoyote isiyo sifuri, kichwa bado kinajihesabu kimeunganishwa na kingine, hivyo hakisikilizi amri za mwendo zinazotumwa kwenye anwani yake, yaani namba ambayo rimoti hukiitia. Aandike 0. Kikigoma bado, CV8 ipewe 8. Dikoda nyingi hapo hurudi zilivyotoka kiwandani, na anwani inakuwa 3.

Taa nazo zikiwa zimezima, sugua magurudumu kwa kitambaa chenye spiriti ya isopropili, kisha pima kwa mita ya umeme ikiwa kwenye hali ya kulia njia ikipitika: magurudumu ya kulia hadi waya mwekundu wa dikoda, ya kushoto hadi mweusi. Mita isipolia, shida iko kwenye vibati vya shaba vinavyogusa magurudumu au kwenye risasi ya kulehemu iliyoachia.

Sasa kipimo ambacho wengi hukiruka, halafu wanaunguza dikoda ya pili. Chomoa dikoda na usiweke plagi tupu (ile inayounganisha reli na mota moja kwa moja, bila dikoda). Gusisha ncha moja ya mita kwenye mguu wa mota (pale waya unapoungwa), nyingine kwenye gurudumu la kulia, kisha la kushoto. Rudia kwa mguu wa pili. Isilie popote. Ikilia, mota imegusa fremu ya chuma, mara nyingi kwa skrubu au kijibati cha brashi, na dikoda mpya itaungua mara tu mwendo ukifunguliwa.

Baada ya hapo rudisha plagi tupu, washa umeme wa DC wa volti 12 kwenye reli, shika mota isizunguke kwa sekunde moja tu, usome ampea. Dikoda nyingi za HO hubeba ampea 1. Mota kuukuu inayokula zaidi ya hapo inaweza kuichoma hata kama waya zote ziko sawa.

Reli ya kuprogramu (kipande cha reli cha kuandikia CV) ikisema hakuna jibu, usihukumu. Dikoda hujibu kwa kuishtua mota kidogo ili ivute angalau miliampea 60. Waya wa chungwa au wa kijivu, ile inayokwenda kwenye mota, ukikatika, inanyamaza ingawa ni nzima. Iliyokufa kweli mara nyingi hunuka, na plastiki yake huvimba. Mpya ianzie kwenye reli hiyo hiyo ya kuprogramu, maana umeme wake umebanwa: kukiwa na shoti, kuna nafasi ya kuichomoa ikiwa bado nzima.