Maswali na Majibu: Msikilize Mhusika Anavyokitaja Kifo

Shikamoo mwalimu. Tumepewa swali tujadili mtazamo wa Macbeth, katika tamthiliya ya Shakespeare yenye jina hilo, kuhusu kifo. Nianzie wapi? (Mwanafunzi, Njiro, Arusha)

Marahaba. Anzia tendo la tano, onyesho la tano. Macbeth anaambiwa mkewe amekufa. Haulizi amekufaje wala hamtaji jina. Anasema tu kwamba angekufa baadaye, kisha anaingia kwenye kesho na kesho na kesho, mshumaa wa muda mfupi, mwigizaji anayehangaika jukwaani saa yake kisha hasikiki tena. Picha juu ya picha, na marehemu hayumo hata katika moja.

Sasa rudi tendo la nne, onyesho la tatu. Macduff, adui wa Macbeth, analetewa habari kwamba mke na watoto wake wameuawa. Anauliza: hata watoto wangu? Anajibiwa. Anauliza tena: na mke wangu pia? Anajibiwa. Bado anauliza: wote? Picha yake ni moja tu, ya mwewe aliyebeba vifaranga na mama yao kwa mpigo mmoja, na humo wafu wake wote wamo. Nenda msibani Marangu au Old Moshi ukawasikilize wafiwa. Wanaulizia jambo walilokwisha kujibiwa. Kwa Macduff aliyekufa ni mtu. Kwa Macbeth kifo kimeshakuwa hoja. Andika hilo, na uonyeshe mistari.

Shakespeare mwenyewe aliamini nini kuhusu kifo? (Wasomaji kadhaa)

Nimekataa swali hili mara nyingi na leo nakataa tena. Anayesema ni mhusika, si mwandishi.

Katika Juliasi Kaizari ya Shakespeare, Kaizari anasema waoga hufa mara nyingi kabla ya kufa kwao. Si ushahidi kwamba hakuogopa kifo? (Majengo, Moshi)

Umesoma mstari, hukusoma onyesho. Mwanzoni mwa onyesho hilohilo ametuma makuhani wachinje mnyama watazame dalili. Baadaye anamkubalia mkewe kubaki nyumbani, kisha anageuzwa na Decius, mmoja wa waliokula njama ya kumuua, kwa ahadi ya taji na hofu ya kuchekwa. Tena sikiliza anavyojitaja: Kaizari atatoka, Kaizari hatatoka, kana kwamba anamsemea mtu mwingine. Yule mwingine ndiye asiyeogopa. Tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969 ipo, isomeni yote kabla ya kuupachika mstari huo kwenye risala ya mazishi.

Tunaigiza onyesho la Macduff. Alie kwa sauti kiasi gani? (Kikundi cha maigizo, Kiborloni)

Asilie. Malcolm, mwana wa mfalme aliyeuawa na Macbeth, anamwambia asishushe kofia usoni, aupe uchungu wake maneno. Maana yake Macduff amenyamaza na kofia ameshaishusha. Mayowe yataua maswali yanayofuata.

Kinjeketile anakufa ameshindwa? (Mwanafunzi, Usa River)

Noti za mitaani ndizo zinazowaambia hivyo, na zinawaponza kwenye mtihani. Katika tamthiliya ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Maji Maji, Kinjeketile yuko mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa akiri kwamba maji aliyosema yatawakinga wapiganaji na risasi yalikuwa uongo. Anakataa, na tazama anazungumzia nini: watoto, wajukuu, neno lililozaliwa ambalo hao watasimuliana. Mtu aliye mlangoni pa kifo, lugha yake yote ni ya uzazi na ya siku zijazo. Anachokiogopa ni watoto kuja kuambiwa kwamba kupigana kulikuwa kosa, kamba ya kunyongewa haimshughulishi. Ila usimchanganye na Kinjeketile Ngwale aliyenyongwa mwaka 1905. Hussein mwenyewe ameeleza kwamba wa jukwaani ni wa kubuni.